Skii, mashindano ya

Huu ni mchezo wa kuteleza thelujini kwa mbao nyembamba zifungwazo viatuni, wenye matawi kadha wa kadha: kushuka mlima kwa kupinda kati ya milingoti, kuruka angani, na mbio za masafa, ambazo, kama safari ya wapagazi wa Kinyamwezi kutoka Tabora hadi Bagamoyo, humtaka mtu pumzi na subira kuliko kasi ya ghafla. Katika mbio hizo Philip Boit wa Kenya, aliyekuwa mkimbiaji, alishiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, akamaliza kilomita 10 akiwa wa 92, yaani wa mwisho. Naye mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngoja akamkumbatia, tendo la muruwa lisilosahaulika. Sabrina Simader, Mkenya, alishindana kushuka mlima huko Pyeongchang mwaka 2018.