Shujaa Jabari wa Televisheni na Kigezo cha Magarini

Mtazamaji amalizaye kipindi cha televisheni na kusema, "Huyu hana ladha, maana hashindiki," aghalabu hahesabiwi kuwa mhakiki. Makala haya yanashikilia kuwa ni mhakiki, na kwamba vigezo vyake vina historia ndefu katika mwambao wa Afrika Mashariki. Yanadai pia kuwa historia ya Magarini, kaskazini ya mto Sabaki, inatupa kigezo kingine ambacho vipindi hivyo huelekea kukisahau.

Shujaa jabari, yaani mwenye nguvu zipitazo za binadamu, aliingia katika televisheni kutoka katika vitabu vya katuni. Superman, aliyebuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, alichapishwa kwanza mwaka 1938, akapata mfululizo wake wa televisheni kati ya 1952 na 1958. Nguvu zake zingalichosha upesi lau pasingalikuwa na jiwe la kriptonaiti la kumdhoofisha. Kanuni hii si ngeni kwetu. Katika utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa Lamu na Muhamadi Kijuma mwaka 1913, silaha hazimwui shujaa ila sindano ya shaba ichomwapo kitovuni, na amchomaye ni mwanawe mwenyewe. Tena Liyongo hutoka kifungoni si kwa misuli bali kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, huku kelele za ngoma zikifunika sauti ya kukata minyororo. Basi mtazamaji adaiye udhaifu, hila na usaliti hadai jambo la kuazima.

Mwaka huo huo wa 1913, Mekatilili wa Menza aliwaongoza Wagiriama kupinga kodi ya nyumba na kulazimishwa kwa vijana kwenda kufanya kazi za ugenini. Hakuwa na kinga mwilini. Alikuwa mjane aliyekusanya watu kwa ngoma ya kifudu na kuwafunga kwa viapo: mukushekushe kwa wanawake, fisi kwa wanaume. Oktoba 1913 alikamatwa pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii. Januari 1914 walitoroka, wakarudi pwani. Agosti 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, na Wagiriama wa kaskazini ya Sabaki wakafukuzwa katika ardhi ambayo ndiyo Magarini ya leo. Huko Magarini, katika Bungale, ndiko linakotajwa kaburi la Mekatilili.

Masimulizi ya siku hizi humgeuza jabari: mwanamke aliyemkabili peke yake Arthur Champion, afisa wa serikali, na aliyeshinda mbuga na misitu kwa muujiza. Sifa hiyo ina hatari. Utawala wa kikoloni nao ulipenda kuliona pingamizi kuwa kazi ya wachochezi wachache. Ndiyo sababu ulidhani kuwa kuwahamisha wawili kungewatuliza wengi, na haikuwa hivyo. Msifuji na mkoloni wanakutana hapa: wote wawili wanamtazama mmoja na kuwasahau waliokula kiapo, waliokataa kodi, waliopoteza mashamba.

Kazi za karibuni za Kenya zimeligusa suala hili. Katika filamu ya *Supa Modo* (2018) ya Likarion Wainaina, mtoto mgonjwa huwa jabari kwa sababu kijiji kizima kinashirikiana kumfanya awe hivyo. Katika *Super Sema* (2021), mfululizo wa katuni wa kampuni ya Kukua, msichana hutumia sayansi na ubunifu akisaidiana na ndugu yake. Humo nguvu ina chanzo kinachoonekana, na ina washirika.

Kwa hiyo, pamoja na maswali ya mtazamaji, "Nguvu zake ni zipi?" na "Atashindwa na nini?", mhakiki hana budi kuongeza la tatu: "Ni nani waliosimama naye?" Hadithi isiyoweza kulijibu inaweza kumtukuza Mekatilili na bado ikawanyima Wagiriama historia yao.