Chumba cha kulala cha rangi nzito

Chumba cha mwanamke chenye giza si jambo geni miteremkoni mwa Mlima Kenya. Katika boma la kale la Wakikuyu, mume alikuwa na thingira yake, naye mke alikuwa na nyumba ambamo moshi wa mafiga ulitia kuta na paa weusi wa masizi. Kitanda chake kiliitwa uriri. Mabinti walilala kiriri. Jomo Kenyatta aliieleza nyumba hiyo katika kitabu chake cha 1938, Facing Mount Kenya.

Leo mjini Kutus, Kaunti ya Kirinyaga, weusi huo hutoka mkebeni: damu ya mzee, zambarau iliyokoza, kijani cha chupa. Ukuta wa kichwani mwa kitanda pekee hutosha. Rangi isiyong'aa huficha mabonde ya plasta, inayong'aa huyaanika. Ukuta wenye unyevu usipakwe kabla ya kukauka, kwani chumvi nyeupe huonekana upesi juu ya rangi nzito. (Mpangaji na amwulize kwanza mwenye nyumba.)

Mapazia ya mahameli na balbu ya mwanga wa manjano hukamilisha kazi. Chandarua kisiondolewe kwa ajili ya urembo: mashamba ya mpunga ya Mwea hayako mbali, na mbu hupenda kujificha penye giza. Cha buluu hupendeza humo kuliko cheupe. Mishumaa isikikaribie. Nalo jiko la makaa, hata katika baridi ya Julai, lisiingizwe kamwe: gesi yake haina rangi wala harufu, na huua mtu usingizini.