Kamera ya Kukamata Mwendo: Historia Yake, na Shauri kwa Mnunuzi wa Kihesa

Somo letu la leo ni la historia, lakini ni historia yenye faida hata kwa mfuko wa fedha. Twataka kujua jinsi binadamu alivyojifunza kukamata kwa picha kitu kiendacho mbio. Tukishajua hayo, tutamsaidia mtu mwenye fedha chache achague kamera ya dijitali iwezayo kazi hiyo.

Tuseme mtu huyo ni wewe. Unakaa Kihesa, hapa Iringa. Siku za kazi unapiga picha za vitambulisho na za harusi kwa simu yako. Siku ya mechi unateremka mjini mpaka Uwanja wa Samora kutazama mpira. Wakumbuka kuwa mwaka 2019 timu yetu ya Lipuli ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Azam bao 1 kwa 0. Umeona pia kuwa mchezaji, hata yule wa timu ya shule, hufurahi sana kupata picha yake akiwa hewani anapiga kichwa, na yu tayari kuilipia. Basi umecheza upatu miezi mingi, na zamu yako imefika. Fedha hizo zikipotea katika kamera isiyofaa, hakuna nyingine nyuma yake. Kwa hiyo sikiliza kwa makini.

1. Farasi wa mwaka 1878

Picha za kwanza za dunia zilitaka kitu kitulie. Mtu aliyepigwa picha katika miaka ya 1840 alikaa kitini bila kutikisika kwa muda mrefu, na pengine kichwa chake kilishikiliwa na chuma kwa nyuma. Aliyepita njiani hakuonekana katika picha kabisa, au alionekana kama moshi.

Kule California, Marekani, palikuwa na tajiri mpenda farasi jina lake Leland Stanford. Alitaka kujua kama farasi anapokwenda mbio kuna wakati miguu yake yote minne imeacha ardhi. Jicho la mtu haliwezi kuona. Akampa kazi hiyo mpiga picha Eadweard Muybridge. Mwezi wa Juni 1878, Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, akatandaza nyuzi njiani. Farasi alipozikata nyuzi hizo, moja baada ya moja, kila kamera ilijifyatua yenyewe. Ikaonekana kuwa kweli farasi huacha ardhi, lakini si pale miguu inaponyooshwa mbele na nyuma kama wachoraji walivyodhani. Ni pale miguu inapokusanyika chini ya tumbo.

Miaka minne baadaye, mwaka 1882, Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza chombo chenye umbo la bunduki, nacho kilipiga picha 12 kwa sekunde moja. Alikielekeza kwa ndege warukao.

Tazama sasa mambo mawili yaliyokwisha julikana tangu zamani hizo. Muybridge alihitaji kilango kinachofunguka na kufunga upesi sana, yaani kile mafundi wanachokiita shata. Marey alihitaji picha nyingi zinazofuatana. Mpiga picha wa mpira leo ahitaji hayo hayo.

2. Hesabu ya Filbert Bayi

Tuifanye hesabu kwa mtu wa kwetu. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Mtanzania Filbert Bayi alikimbia mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16, akavunja rekodi ya dunia. Gawanya mita hizo kwa sekunde zake, utaona alikwenda mita 7 na kidogo kila sekunde.

Kama kilango cha kamera kikikaa wazi kwa 1/60 ya sekunde, Bayi amekwisha sogea karibu sentimita 12. Uso wake utakuwa utelezi mtupu. Kikikaa wazi kwa 1/1000 ya sekunde, amesogea milimita 7 tu, na picha ni kali.

Lakini liko jambo la pili ambalo wanunuzi wengi hawalifikirii. Ni ule muda unaopita kati ya kidole kubonyeza na kilango kufunguka. Kamera nyingi ndogo za dijitali za miaka ya mwanzo zilichelewa karibu nusu sekunde, kwa sababu zilikuwa bado zinatafuta mahali pa kulenga. Katika nusu sekunde hiyo Bayi amekwenda mita 3 na nusu. Ulimbonyezea Bayi, ukapata majani ya uwanja.

3. Bei iliyoshuka na bei isiyoshuka

Mwaka 1900 kampuni ya Kodak iliuza kamera ya kisanduku iitwayo Brownie kwa dola 1 tu. Hapo ndipo mtu wa kawaida alipoanza kupiga picha mwenyewe. Lakini kilango cha Brownie kilikuwa cha polepole; ilifaa jamaa waliosimama mbele ya nyumba, haikufaa mkimbiaji.

Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na Brownie iliyokwisha tumika. Mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix mjini Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliiamsha dunia. Hapa tunajifunza kuwa kamera nafuu si aibu kwa mwenye kuanza. Aibu ni kukaa na kamera usiyoijua uwezo wake wala mipaka yake.

Sasa tufike kwenye dijitali. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa Kodak alitengeneza kamera isiyotumia filamu. Ilikuwa na uzito wa kilo 3 na nusu hivi, picha yake ilikuwa ya nukta 10,000 tu, na kuiandika picha moja katika kaseti kulichukua sekunde 23. Katika muda huo Bayi angekwenda zaidi ya mita 160. Mwaka 1991 Kodak ilianza kuwauzia watu wa magazeti kamera ya dijitali yenye nukta milioni 1.3, kwa bei ya dola 20,000 na zaidi. Mwaka 1999 Nikon ilitoa D1, yenye kupiga picha 4 na nusu kwa sekunde, chini ya dola 6,000. Na mwaka 2003 Canon ilitoa EOS 300D, yenye nukta milioni 6, chini ya dola 1,000.

Mtu angedhani kuwa bei imeendelea kushuka hivyo hivyo. La, sivyo. Mwaka 2023 Sony ilitangaza kamera ya michezo iitwayo A9 III, ipigayo picha 120 kwa sekunde, na bei yake ilikuwa karibu dola 6,000, sawa na ile ya mwaka 1999. Fahamu basi kanuni hii: bei ya kamera mpya ya michezo haishuki, inayoshuka ni bei ya kamera ya jana. Mwenye fedha chache ananunua jana. Kazi yake ni kujua ni jana ipi.

4. Namba inayopigiwa kelele dukani

Muuzaji atakuambia, "Hii ina megapikseli 24!" Megapikseli ni nukta milioni moja. Wakati wa Sasson swali hilo lilikuwa la haki kabisa, maana nukta zilikuwa chache mno. Lakini nukta milioni 6 za mwaka 2003 zatosha kuchapa picha safi ya sentimita 26 kwa 17, ambayo ni kubwa kuliko picha nyingi ziwekwazo ukutani. Kwa hiyo namba hiyo isikutie wazimu.

Ile 300D ilipiga picha 2 na nusu tu kwa sekunde, na baada ya picha 4 ilisimama kupumua. Nukta ilikuwa nazo. Mwendo haikuwa nao. Linganisha na hizi: Canon 40D na Nikon D300, zote za mwaka 2007, hupiga picha 6 au zaidi kidogo kwa sekunde. Canon 7D ya mwaka 2009 hupiga 8. Nikon D7000 ya mwaka 2010 hupiga 6. Sony A6000 ya mwaka 2014 hupiga 11. Hizi zote ni kamera za jana zilizotengenezwa kwa watu waliotaka mwendo, na mara nyingi huuzwa zikiwa zimekwisha tumika.

5. Usisahau lenzi

Kamera ni mwili, lenzi ni jicho. Mwili wenye mbio usio na jicho zuri hautakufikisha.

Kila lenzi ina namba ya f inayoonyesha uwazi wake. Namba ikiwa ndogo, mwanga unaoingia ni mwingi. Lenzi ya f 2.8 huingiza mwanga mara nne ya lenzi ya f 5.6. Maana yake ni hii: mechi ikielekea mwisho na jua likiwa limeinama nyuma ya milima ya Iringa, lenzi ya 5.6 ikikupa 1/250 ya sekunde, ile ya 2.8 itakupa 1/1000. Ya kwanza itakuletea miguu yenye ukungu. Ya pili itakuletea mpira uliosimama hewani.

Lenzi ndefu yenye 2.8 ni ghali na ni nzito. Ukishindwa, nunua lenzi ya milimita 85 yenye f 1.8, kisha usogee karibu na goli, mahali unaporuhusiwa. Au chukua lenzi nafuu ya kuvuta mbali, upige mapema wakati jua lingali juu, na uongeze ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ukikubali chengachenga kidogo. Picha yenye chengachenga hununuliwa. Picha iliyoteleza hainunuliwi.

Angalia mtego mmoja. Kamera ndogo za Nikon kama D40 ya mwaka 2006 na D3000 ya mwaka 2009 hazina mota ya kulengea ndani ya mwili. Ukizifunga lenzi ya zamani isiyo na mota yake, itabidi ulenge kwa mkono. D300 na D7000 zinayo mota hiyo. Kwa upande wa Canon, lenzi za EF zilizoanza mwaka 1987 zina mota ndani yake zenyewe, nazo hukubali katika kamera zote za EOS za dijitali zenye kioo cha ndani.

6. Jaribio la mlangoni

Usinunue kwa kutazama tu. Mwombe muuzaji mtoke mlangoni. Weka kilango kwenye 1/1000, weka kamera katika mlengo wa kufuata, kisha ingoje bodaboda inayokuja upande wako. Piga picha 10 mfululizo. Halafu zikuze katika kioo cha nyuma, uhesabu ni ngapi ambazo namba ya pikipiki yasomeka. Zikiwa 7 au 8, kamera hiyo inajua kufuata. Zikiwa 2, rudisha, hata kama megapikseli zake ni nyingi kama mchanga wa Ruaha.

Kisha uliza kilango kimefunguka mara ngapi. Canon 7D ilipimwa kwa mara 150,000, na 40D kwa mara 100,000. Iliyokaribia hapo ni mzee anayetembelea mkongojo, na bei yake iwe ya mzee. Imulike lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi kama utando wa buibui ndani ya kioo, hiyo ni kuvu, iache. Tikisa, sikiliza. Jaza betri, uone yakaa muda gani.

Mwisho, liko jambo lisilouzwa dukani. Kabla kamera hazijajua kulenga zenyewe, wapiga picha walilenga mapema mahali ambapo tukio litatokea, wakaotea kama mwindaji kisimani. Kona ikipigwa, lenga pale mbele ya goli ambapo vichwa vitakutana, ungoje. Akili hiyo huifanya kamera ya fedha kidogo ifanye kazi ya kamera ya fedha nyingi. Basi gawa fedha za upatu wako hivi: sehemu ndogo kwa mwili wa jana, sehemu kubwa kwa lenzi, na akiba kidogo kwa kadi na betri ya pili. Na muda wako wote uupe uwanja.

Maswali ya kikundi

1. Mchezaji akikimbia mita 8 kwa sekunde, atasogea sentimita ngapi katika 1/500 ya sekunde?
2. Kwa nini Brownie iliwafaa watu wengi lakini haikufaa michezo?
3. Rafiki yako ana fedha za kutosha mwili mpya na lenzi dhaifu, au mwili wa zamani na lenzi nzuri. Mtamshauri nini, na kwa sababu gani?

Kwaherini, hadi somo lijalo.