Mahabusu Mgonjwa Wakati wa Maradhi ya Kuenea: Mlango wa Kafala katika Fiqhi na Historia

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Maswahaba zake. Amma baad.

Tarehe 26 Aprili 2020, siku ya Muungano, ikiwa ni wiki ya sita tangu kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini, Rais John Magufuli alitoa msamaha kwa wafungwa 3,973. Wapo waliotoka gerezani, na wapo waliopunguziwa adhabu. Lilikuwa jambo la kheri. Lakini msamaha wa Rais, kwa mujibu wa Ibara ya 45 ya Katiba, humhusu mtu aliyekwisha kupatikana na hatia mbele ya mahakama. Mahabusu, ambaye kesi yake haijaamuliwa, haumfikii. Basi ikawa aliyethibitika kuwa ameiba anaweza kurudi kwao, na aliyetuhumiwa tu anabaki katika chumba kilichojaa watu wakati maradhi yanaenea kwa pumzi. Na kwa miaka mingi karibu nusu ya waliomo katika magereza yetu wamekuwa ni mahabusu.

Swali la makala hii ni hili: mahabusu aliye mgonjwa sana, wakati wa maradhi ya kuenea, anayo haki ya kutoka kwa muda kwa dhamana? Na wanazuoni wetu waliotangulia walisemaje?

HALI ILIVYOKUWA KWETU

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, katika kifungu kilichojulikana kwa namba 148(5), iliorodhesha makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, na baadaye utakatishaji fedha na mengineyo. Kifungu hicho hakikumbagua mgonjwa na mzima. Tarehe 18 Mei 2020, maradhi yakiwa yamekwisha kuingia, Mahakama Kuu iliamua katika shauri la Dickson Paulo Sanga kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Tarehe 5 Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo, na kifungu kikabaki.

Tazama mifano miwili inayojulikana na umma. Mfanyabiashara Harbinder Singh Sethi alifikishwa katika Mahakama ya Kisutu mwezi Juni 2017 kwa mashtaka yaliyojumuisha utakatishaji fedha. Mawakili wake walieleza mahakamani mara kadhaa kuwa ni mgonjwa, na mahakama ikaamuru apelekwe Hospitali ya Muhimbili. Alitibiwa akiwa mahabusu, na alitoka Juni 2021 baada ya kukiri kosa katika makubaliano na upande wa mashtaka. Mwezi huo huo Masheikh wa Uamsho kutoka Zanzibar, waliofunguliwa mashtaka ya ugaidi Dar es Salaam mwaka 2014, walianza kutoka baada ya Mkurugenzi wa Mashtaka kuyaondoa mashtaka yao. Hatusemi neno juu ya undani wa kesi hizo. Tunaangalia njia tu: huyu alitoka kwa kukiri, na wale kwa kufutiwa mashtaka. Mlango wa kati, yaani kesi iendelee na mtuhumiwa awe nje kwa mdhamini, ulikuwa umefungwa.

Nasi watu wa Dodoma tunayo hoja iliyo mlangoni petu. Jina Isanga kwetu lina maana mbili. Kuna Gereza Kuu la Isanga, na kuna Taasisi ya Isanga iliyo pamoja na Hospitali ya Mirembe, hospitali iliyoanza mwaka 1927. Mahakama za nchi nzima hupeleka katika taasisi hiyo washitakiwa ambao akili zao zina shaka, hata wenye kesi ya mauaji. Kwa hiyo sheria yetu imekwisha kukubali asili ya jambo hili: kwamba ugonjwa unaweza kumtoa mshitakiwa katika gereza la kawaida bila kuifuta kesi yake. Imekubali kwa ugonjwa wa akili. Kwa ugonjwa wa mwili, mwenye kosa lisilo na dhamana hupelekwa hospitali chini ya ulinzi, kisha hurudishwa alikotoka.

WALIVYOFANYA WALIOTANGULIA

Msingi wa kumzuia mtuhumiwa umo katika Hadithi ya Bahz bin Hakim, iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, kwamba Mtume (S.A.W.) alimzuia mtu kwa tuhuma, kisha akamwachia. Wanazuoni wamechukua hapa mambo mawili: kuzuia kwa tuhuma kunajuzu, na kuna mwisho. Hakukuwekwa kuwa adhabu. Na Nabii Yusuf (A.S.), kama inavyosimuliwa katika Sura yenye jina lake, aliwekwa gerezani baada ya dalili za usafi wake kuonekana, na akakaa humo miaka kwa kuwa aliyeagizwa kumtaja alisahau.

Ama maradhi na udhaifu, katika Sahih Muslim kuna habari ya mwanamke wa kabila la Ghamid aliyekiri zinaa naye ni mja mzito. Hakufungwa. Hukumu iliahirishwa mpaka akajifungua, na mtu mmoja katika Ansari akamchukua kwa kafala. Imamu Nawawi amebainisha kuwa kafala hapa ni kumsimamia kwa matumizi na maslahi yake, si dhamana ya kisheria, kwa kuwa dhamana hiyo haiingii katika hudud za Allah. Tunaikubali tanbihi hiyo, na bado hoja inasimama: ikiwa aliyekiri aliachwa nje kwa ajili ya kulinda roho, vipi ambaye hajathibitikiwa na kitu? Vile vile Sayyidna Ali (R.A.) aliahirisha viboko vya mjakazi aliyekuwa katika nifasi kwa kuchelea asimuue, na Mtume (S.A.W.) akamsifu.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, Minhaj ya Nawawi imesahihisha kafala ya mwili, hata kwa mwenye kudaiwa kisasi, kwa kuwa hiyo ni haki ya mwanadamu. Mahanafi wamelizungumza jambo letu waziwazi. Katika Hidaya ya Marghinani, aliyefungwa kwa deni akiugua naye hana wa kumhudumia gerezani, hutolewa ili asiangamie. Imepokewa kwa Abu Yusuf kuwa hatolewi, kwani mauti ya gerezani na ya nje ni sawa. Lakini fatwa imekwenda kwa riwaya ya Muhammad bin al-Hasan kuwa hutolewa, na sharti lake ni kuwepo mdhamini. Ni kweli maneno hayo ni ya mdaiwa. Lakini illa yake ni kuchelea roho kuangamia, na illa hiyo imo kwa mahabusu pia.

Abu Yusuf huyo huyo, katika Kitabul Kharaj alichomwandikia Khalifa Harun Rashid, alieleza kuwa wingi wa wafungwa unatokana na uchache wa kuyaangalia mambo yao, akataka kesi zao zipitiwe mara kwa mara. Kila aliyekaa mahakamani akasikia kuwa upelelezi haujakamilika atamwelewa. Na Baghdad, katika zama za Khalifa al-Muqtadir (295–320 H / 908–932), maradhi yalipozidi, waziri Ali bin Isa alimwandikia tabibu mkuu Sinan bin Thabit kwamba wafungwa, kwa wingi wao na ugumu wa makazi yao, hawasalimiki na maradhi. Basi wapelekewe matabibu kila siku pamoja na dawa.

SHUBUHA MBILI

Ya kwanza: je, kumtoa gerezani si kukiuka Hadithi inayokataza kutoka penye tauni? Jawabu ni kuwa kilichokatazwa ni kutoka kwa kukimbia. Nawawi ameeleza kuwa kutoka kwa haja nyingine kunajuzu. Katika tauni ya Amwas, mwaka 18 H, iliyomchukua Abu Ubayda na Muadh (R.A.), Amr bin al-As aliwaamuru watu watawanyike milimani, na Sayyidna Umar hakulikataa. Wazee wa Ugogo waliopita katika njaa ya Mtunya na mafua makuu ya mwaka 1918 waliweza angalau kuhama kutafuta riziki. Mahabusu hana mlima wa kwenda.

Ya pili: je, haki ya aliyedhulumiwa haipotei? Haipotei. Kafala haifuti dai. Kafili anawajibika kumleta mtu wake atakapotakiwa, na hakimu anaweza kuweka masharti ya hati ya kusafiria, ya kuripoti na ya mahali pa kukaa.

Wala si jambo geni kwa majirani. Sheria ya Uganda imeutaja kwa muda mrefu ugonjwa mkubwa, uliothibitishwa na daktari wa gereza kuwa hautibiki vizuri humo, kuwa miongoni mwa sababu za pekee za dhamana katika makosa mazito. India, tarehe 23 Machi 2020, Mahakama ya Juu iliagiza kila jimbo liunde kamati ya kuchagua wa kutolewa kwa muda. Hata hivyo Padri Stan Swamy, mzee wa miaka 84, alifariki hospitalini huko tarehe 5 Julai 2021 akiwa bado mahabusu, na ombi lake la dhamana likiwa mahakamani. Sheria bila wepesi wa kuitekeleza haikumfaa.

WAJIBU WETU

Kubadili sheria ni kazi ya Bunge, nalo linakaa hapa hapa Dodoma. Wenye elimu ya fiqhi na ya sheria na wapeleke hoja hii kwa adabu na dalili. Lakini liko lisilongoja Bunge. Wengi wamo mahabusu kwa makosa yenye dhamana, kwa kukosa tu wadhamini wawili wenye vitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Imamu anaweza kuuliza katika jamaa yake nani ana ndugu ndani, nani mgonjwa, na nani mwaminifu wa kusimama kuwa kafili. Suratul Insan imewasifu wanaomlisha mateka pamoja na maskini na yatima. Kumsimamia aliyefungwa ili apate tiba kumo katika maana hiyo.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, awape faraja waliofungwa kwa dhulma, na awaongoze mahakimu katika haki. Wallahu a'lam.