SEHEMU YA 4: Bibi wa Muleba aliyeuza shamba kwa sababu hana wa kumtunza

Sehemu ya 3 tulimaliza presha kwa wazee, na tangu siku ile meseji zinazoingia kwangu ni swali moja tu: "Nesi, mama mkwe amebaki peke yake kijijini, tumlete mjini au tumwache?" Wengine mnaandika saa sita usiku, mtoto ananyonya, naona kabisa mmechoka. Sitajibu kwa haraka. Leo nawapa historia kwanza, tena ya kwetu Kagera. Ni ndefu kidogo, chukua chai.

Mwaka 1988, wilayani Muleba, alikuwepo mwanamke anaitwa Holaria Pastory. Baba yake alimwachia shamba kwa wosia. Tarehe 24 Agosti mwaka huo akaliuza kwa bwana mmoja, Gervazi Kaizilege, kwa shilingi 300,000. Sababu iliyoelezwa mahakamani ni hii: amezeeka, nguvu zimemwishia, na hana mtu wa kumtunza.

Ukoo ukawaka. Mnunuzi hakuwa mtu wa ukoo, na shamba lilikuwa la ukoo. Bernardo Ephrahim, mtoto wa ndugu yake, akafungua kesi Mahakama ya Mwanzo Kashasha. Kanuni za mila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilikuwa upande wake: mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, ila kuliuza hapana. Mwanaume aliweza kuuza. Kashasha wakampa ushindi Bernardo. Bibi akakata rufaa Mahakama ya Wilaya Muleba, akashinda. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba kanuni ile ni ya kibaguzi na inapingana na haki za binadamu zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Mauzo yakabaki halali. Ukoo ukitaka shamba lake, umrudishie mnunuzi pesa yake.

Wanasheria wanaisoma kesi hii mpaka leo kwa ajili ya haki za wanawake, na wana haki ya kuisoma hivyo. Mimi nesi nabaki pale kwenye "hana mtu wa kumtunza." Mwanamke mwenye ukoo mzima, ukoo uliokuwa tayari kwenda mahakama tatu kwa ajili ya shamba! Sitaki kuwasema sana, maana sijui kilichokuwa nyumbani kwao. Lakini jiulize, kwetu huku, ukoo unaitana haraka kwa ajili ya nini: mpaka wa kibanja, au bibi ambaye hajaoga siku tatu?

Zamani huduma ya mzee nyumbani ilikuwepo, ila hakuna aliyeiita hivyo. Ilikuwa ni mjukuu. Ukishaachishwa ziwa, ukikua kidogo, unapelekwa kwa bibi "ukamsaidie." Nyumba zetu ziko juu ya mlima, maji yako bondeni. Bibi mwenye magoti mabovu anaweza kumenya ndizi, kupika, kupogoa majani makavu ya migomba. Kitu kinachomshinda ni ule mlima na ndoo. Mjukuu anachota maji na kuleta kuni, bibi anabaki bosi wa nyumba yake. Hapo ndipo penye siri yote: msaada ulikuwa unaziba pengo moja tu, mengine yote anafanya mwenyewe.

Halafu ukaja ule ugonjwa. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Wenye umri wangu mnakumbuka misiba ya kupishana. Waliokufa ni akina mama na baba, wenye nguvu zile za katikati. Dawa za bure za kufubaza virusi zilianza kutolewa nchini mwaka 2004, na kufikia hapo kuna vibanja vilivyobaki na bibi wa miaka 70 na watoto wanne wadogo. Mjukuu bado yupo kwa bibi, lakini sasa nani anamtunza nani?

Mwaka 2003 ndipo shirika la Kwa Wazee lilipoanza pale Nshamba, Muleba. Wazo lao lilikuwa jepesi hata watu wakashangaa: kumpa bibi pesa mkononi kila mwezi, aamue mwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulitaja kama shilingi 6,000 kwa mwezi, na nyongeza kwa mtoto anayemlea. Ripoti yenyewe ilibeba jina la chumvi, sabuni na viatu vya shule, maana ndivyo vitu walivyonunua. Wengi tungedhani mzee atapoteza pesa. Nao walikula vizuri zaidi, wakapunguza kuombaomba. Wazee wakawa pia na vikundi vyao vya kusaidiana, mwenye nguvu kidogo anamsaidia aliyeishiwa kabisa.

Mwaka huohuo 2003 ikatoka Sera ya Taifa ya Wazee. Inasema familia ndiyo mahali pa kwanza pa kumtunza mzee, makazi ya wazee yawe njia ya mwisho. Zanzibar walikwenda mbele zaidi: tangu Aprili 2016 kila mzee wa miaka 70 na kuendelea analipwa pensheni, ilianza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Sisi Bara bado.

Sasa niwaambie kosa langu. Bibi yangu mzaa mama alikuwa anaishi Buganguzi peke yake. Mwaka 2011 alianguka njiani kutoka kisimani. Mimi nesi, najua kila kitu, nikamchukua Mwanza. Nikamwambia dada wa kazi: bibi asiguse kitu, apumzike. Kiti kizuri, chai mezani, maji ya moto ya kuoga. Kila siku ananiuliza nani anapogoa migomba yake. Baada ya miezi mitatu alikuwa hawezi kunyanyuka kwenye kiti bila kushikwa. Mguu wa mzee usiotumika unapoteza nguvu ndani ya siku chache, hilo nilifundishwa darasani, nikalisahau sebuleni kwangu.

Tulimrudisha. Mama mmoja jirani tukakubaliana naye malipo kidogo, awe anachota maji asubuhi na kupita jioni kumwangalia. Kaka yangu akachimbia nguzo ya kushika pale chooni. Tukamwekea ndoo yenye mfuniko ndani kwa ajili ya usiku, maana wazee wengi huanguka wakienda chooni gizani. Hakurudi kama zamani, lakini alitembea na fimbo mpaka kwenye kibanja, na msimu wa senene alikuwa anakaa mlangoni ananyonyoa mabawa na kugombeza watoto. Aliishi miaka sita zaidi, na ufunguo wa mlango aliuweka mwenyewe.

Si kila mzee wa kubaki kijijini. Anayepotea njia ya nyumbani, anayeacha moto ukiwaka, anayehitaji hospitali kubwa kila wiki, huyo mlete, na usione aibu.

Desemba hii mkienda nyumbani, kabla ya kikao cha familia, mwangalie tu siku nzima bila kumsaidia. Anainukaje? Anashindwa nini hasa: maji, kuni, vidonge, choo? Halafu muulize yeye. Umwulize mbele ya shemeji na mawifi, kila mtu asikie jibu lake. Muulize na mhudumu wa afya wa kijiji chenu, serikali ilizindua mpango wao mpya Januari 2024, ujue kama kwenu yupo na anapita siku gani.

Sehemu ya 5 ni Jumatano: jinsi ya kumnyanyua mzee kitandani bila kuumiza mgongo wako, hasa wewe uliyejifungua juzi.