Tuta la Reli na Njia ya Miguu
Reli haikufika mji wa Mikinduri, Kenya, kwani tawi lililotoka Nairobi lilikoma Nanyuki, upande wa pili wa Mlima Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Tawi hilo lilikaa kimya kwa miaka mingi kabla ya kufufuliwa mwaka 2020, na liliweza kufufuliwa kwa sababu tuta lake, yaani udongo ulioinuliwa na kushindiliwa ili kubeba mataruma, halikutoweka. Tuta la reli hupanda mlima polepole, kwa kuwa treni haistahimili mwinuko mkali, na mwinuko huo wa polepole ni hazina kwa watembea kwa miguu na waendesha baiskeli; ndivyo reli iliyoachwa kati ya Elroy na Sparta, Wisconsin, Marekani, ilivyofanywa njia yao katika miaka ya 1960, pamoja na mahandaki yake 3.