Miguu Iliyosimikwa: Asili ya Petanki na Nafasi ya Mzee Mchezoni

Historia ya michezo huandikwa mara nyingi kama historia ya vijana: nani alikimbia zaidi, nani aliruka juu zaidi. Mzee hutajwa mwishoni tu, tena akiwa mtazamaji. Hata hivyo upo mchezo mmoja ambao asili yake haiwezi kuelezwa pasipo kutaja mwili ulioanza kudhoofika. Mchezo huo ni petanki, uliozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 mjini La Ciotat, mji wa bandari ulioko kusini mwa Ufaransa, kwenye pwani ya Mediterania.

Kabla ya hapo wenyeji wa jimbo la Provence walikuwa wakicheza matufe kwa kanuni nyingine. Shabaha ilikuwa kijitufe cha mbao, ambacho Wafaransa hukiita « cochonnet », yaani kitoto cha nguruwe, nacho kiliwekwa mbali, mita 15 hadi 20. Aliyetaka kuliondoa tufe la mpinzani kwa kulipiga alipaswa kuchukua hatua tatu za kuruka ndipo arushe. Kwa hiyo mchezo ulidai macho na mkono, lakini ulidai magoti pia.

Mapokeo ya mji huo yanamtaja Jules Lenoir, mchezaji hodari ambaye baridi yabisi ilimzuia kuchukua hatua hizo. Akabaki kuketi kandokando ya uwanja, akiwatazama wenzake. Rafiki yake Ernest Pitiot aliona uchungu wa hali hiyo, akapendekeza kanuni mpya: kila mchezaji asimame ndani ya duara dogo lililochorwa ardhini, miguu yote miwili ikikanyaga chini, na masafa yapunguzwe. Mwaka 1910 mashindano ya kwanza ya mchezo huo yaliandaliwa papo hapo La Ciotat. Leo masafa ni mita 6 hadi 10, na mshindi ni kundi litakalotangulia kufikia pointi 13.

Jina lenyewe ni ushahidi. Katika lugha ya Kiprovansi, « pè » ni mguu, na « tanca » ni kusimika au kukaza. Maneno hayo mawili yaliungana katika matamshi, hata Kifaransa kikayapokea kama neno moja, « pétanque ». Hivyo kila alitamkaye neno hilo hutaja, bila kujua, kanuni iliyowekwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kuruka.

Yafaa kuzingatia kwamba Lenoir hakutengewa uwanja wake peke yake, wala hakupewa mchezo wa wagonjwa. Wenye afya ndio walioacha hatua zao tatu, wakaingia pamoja naye katika duara. Wala mchezo haukupoteza heshima kwa sababu hiyo. Shirikisho la Ufaransa liliundwa mwaka 1945, la dunia mwaka 1958, na lugha ya Kifaransa iliposafiri mchezo ulisafiri nayo. Madagaska ilitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1999, ikautwaa tena mwaka 2016.

Utabibu wa siku hizi unaelekea upande uleule. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwashauri watu wenye miaka 65 na zaidi wafanye, angalau siku tatu kwa juma, mazoezi ya kutunza nguvu na uwiano wa mwili, ili wasianguke. Petanki peke yake haitoshelezi shauri hilo. Lakini mchezaji huinama, husimama imara, hurusha tufe la gramu 650 hadi 800, hutembea kwenda kupima, na zaidi ya yote hubishana na wenzake juu ya kipimo. Mzee aliyekaa kandokando hukosa hayo yote kwa pamoja: kujongea kwa mwili na mazungumzo ya rika.

Wahenga walisema jembe halimtupi mkulima. Mchezo ulikuwa karibu kumtupa Lenoir, si kwa kuwa mkono wake ulisahau kulenga, bali kwa kuwa kanuni ilidai magoti. Kanuni ni kazi ya watu, na watu waliiandika upya. Kabla ya kusema kwamba mzee ameshindwa mchezo, inafaa kuuliza kwanza kama si mchezo ulioshindwa kumpokea mzee.